Paterni za usanifu: uanze nazo, uzilete katikati, au uzisubirishe mpaka mwishoni?

Kila anayebuni kitu hukutana na mvutano huu, awe anachora skrini za programu, anaandika kodi ya kompyuta, anapanga vyumba vya nyumba au anatengeneza gemu. Huyu anakwambia paterni zipo, yaani suluhisho zilizoandikwa za matatizo yanayojirudia, watu walishahangaika na tatizo hilohilo miaka na miaka, chukua suluhisho lao usonge mbele. Yule anakwambia ukianza na cha watu utatoa kinachofanana na cha watu, kaa na karatasi tupu kwanza. Wote wana hoja, na we umebaki katikati, kazi haijaanza.

Mi naona ubishi wa "tumia" na "usitumie" haumfikishi mtu popote. Karibu kila mbunifu anatumia paterni, hata anayesema hatumii, maana anazo kichwani tayari ila haziiti kwa jina. Kinacholeta tofauti ni wakati, yaani paterni unaikaribisha kwenye kazi yako ukiwa umefika wapi. Kwa hiyo hapa nalinganisha njia tatu: kuanza na paterni, kuzileta katikati ukishachora vya kwako, na kuziacha mpaka kazi imeshasimama.

Kwanza tuelewane paterni ni nini

Mwaka 1977 msanifu majengo Christopher Alexander na wenzake walitoa mkusanyiko wa paterni 253, kuanzia mpangilio wa mikoa na miji mpaka madirisha na viti vya ndani. Chukua ile namba 159, inasema kila chumba kipate mwanga kutoka pande mbili. Haikupi umbo la dirisha wala saizi yake. Inakupa sababu: mwanga wa upande mmoja unaumiza macho, watu waliomo ndani hawaonani nyuso vizuri, na wakiwa na uhuru wa kuchagua wanakihama hicho chumba wanaenda kukaa kingine. Namna ya kuupata huo mwanga ni juu yako, na kiwanja chako, na bajeti yako. Ndo maana paterni moja inaweza kuzaa nyumba nyingi na zisifanane.

Kuna kitu kwenye kazi ile nakipenda sana na watu wanakipita haraka. Waliweka alama za nyota, mbili kwa paterni walizoziamini kabisa, moja kwa walizoona wamekaribia, na zile ambazo walijua bado hawajafika kwenye kiini chake wakaziacha bila nyota. Yaani wenyewe walizichukulia kama dhana za kujaribiwa, ila sisi tuliokuja baadaye ndo tumezifanya sheria.

Kwenye programu za kompyuta wazo hili liliingizwa na Kent Beck na Ward Cunningham mwaka 1987, halafu mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides wakatoa zile paterni 23 ambazo mpaka leo watu wanaulizwa kwenye intavyuu za kazi. Baadaye zikaenea kwenye skrini, menyu, fomu, kila mahali.

Paterni iliyoandikwa vizuri ina jina, mazingira yake, tatizo, nguvu zinazovutana ndani ya hilo tatizo (mahitaji yanayopingana), suluhisho, na matokeo yake, mazuri na mabaya. Hapo kwenye nguvu zinazovutana ndo pana utajiri wote, na ndo sehemu ambayo wengi hawaisomi kabisa, wanaruka moja kwa moja kwenye picha ya suluhisho.

Vigezo nitakavyotumia

Vinne tu. Cha kwanza ni upana wa mawazo, yaani njia hiyo inakuachia nafasi ya kufika sehemu ambayo wengine hawajafika? Cha pili muda na nguvu inayokula. Cha tatu ni kueleweka, na hapa kuna watu wawili, mtumiaji wa kitu chako na mwenzako mnayejenga naye. Cha nne ni gharama ya kukosea, maana njia zote tatu zinaweza kukupoteza, ila sio zote zinakupoteza kwa bei moja.

Njia ya kwanza: unaanza na paterni

Unapokea kazi, unafungua maktaba ya paterni au mfumo wa dizaini wa timu (vipande na taratibu za mwonekano ambazo timu imekubaliana), unachagua zinazofaa, unaunganisha, kisha unaanza kurekebisha.

Tuanze na upana wa mawazo maana ndo kigezo kinachoipa shida zaidi njia hii. Mwaka 1991 watafiti wawili, Jansson na Smith, walichapisha majaribio waliyofanya kwa wabunifu. Kundi moja likapewa tatizo peke yake, kundi lingine likapewa tatizo lilelile pamoja na mchoro wa mfano. Waliooneshwa mfano wakawa wanarudia vipengele vya mfano kwenye michoro yao, pamoja na kasoro zake. Kwenye tatizo la kikombe cha kahawa kisichomwagika waliambiwa wazi kabisa wasitumie mrija wala mdomo wa kunyonyea, lakini kwa sababu mfano ulikuwa navyo, vikajitokeza kwenye kazi zao hata hivyo. Hawa walikuwa watu wenye uwezo, sio wavivu. Jicho likishaona jibu linashikwa, na kujiambia "mi sitaathirika" hakutoshi.

Ila kwenye muda njia hii haina mpinzani. Kama unatengeneza sehemu ya kuingia kwenye akaunti, kubadilisha nenosiri, kutafuta kitu kwenye orodha ndefu au kulipia, hakuna sababu ya kutumia wiki nzima kufikiria upya jambo ambalo mtumiaji anataka alimalize bila hata kulifikiria. Ubunifu una mahali pake, na ukiumwaga kwenye fomu ya nenosiri utakosa nguvu ya kuuweka kwenye kile kitu kinachoifanya programu yako iwe ya kipekee.

Kwenye kueleweka pia ina nguvu sana. Ile menyu ya mistari mitatu iliyolala ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, mwaka 1981. Leo mtu mwenye simu anaibonyeza bila kuelekezwa. Mtaji huo hukuutafuta wewe, umeukuta tayari. Kwa upande wa timu nako jina la paterni linafupisha maongezi, mtu akisema "hapa tuweke Observer" (paterni ambayo kitu kikibadilika, vingine vinavyokifuatilia vinapewa taarifa) wote mmeshaelewa kitu ambacho kingehitaji dakika kumi za kuchora ubaoni.

Gharama ya kukosea hapa inakuja polepole. Kwenye kodi utakuta mtu ameweka klasi sita na violesura vinne, yaani vipande kumi vya kodi, kutatua tatizo ambalo halijatokea na pengine halitatokea, kisa paterni ilionekana kama inahusika. Mfano mzuri ni Singleton, paterni inayohakikisha kitu fulani kinakuwa kimoja tu kwenye programu nzima, imetumika kila kona mpaka mwaka 2009 Erich Gamma mwenyewe, mmoja wa wale wanne, akasema kwenye mahojiano kwamba angependelea kuiondoa kwenye orodha. Na kwenye skrini kuna hatari nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Ukichukua paterni kwa kuangalia programu kubwa zinafanya nini unaweza ukabeba na mitego. Harry Brignull alianza kuziorodhesha mwaka 2010 zile dizaini zinazomlaghai mtumiaji, kama usajili ambao kuingia ni kitufe kimoja na kutoka ni safari. Kitu kutumika na wengi hakukifanyi kiwe kizuri kwa watumiaji wako.

Inamfaa nani: anayeanza ambaye hajajenga jicho bado, timu kubwa inayotakiwa kutoa kitu chenye sura moja, na yeyote anayefanya zile sehemu za kawaida za bidhaa ambazo hakuna mtu atazikumbuka zikifanya kazi vizuri.

Njia ya pili: unachora kwanza, paterni zinakuja katikati

Hapa unaanza na tatizo likiwa uchi. Unaliandika kwa sentensi za kawaida bila kutaja suluhisho, huruhusiwi kusema "tunahitaji kalenda", unasema "mtu anataka kujua lini anaweza kuonana na daktari". Unachora mawazo yako mengi hata mabovu, halafu ndo unafungua paterni ukiwa na kitu mkononi cha kubishana nacho.

Nikae hapo kwenye mfano wa miadi ya daktari maana unaonesha vizuri. Ukianza na paterni, kalenda itakuja yenyewe, gridi ya mwezi mzima, siku zilizojaa zimepauka. Ukianza na tatizo, unaweza ukagundua kwamba mgonjwa mwenye maumivu hataki mwezi, anataka nafasi ya karibu zaidi, na mchoro wako ukatoka orodha fupi ya nafasi tatu za mwanzo na kitufe kimoja. Safi. Sasa unafungua paterni ya kalenda na badala ya kuangalia picha unasoma zile nguvu: kuna mtu anayepanga tarehe ya mbali, kuna anayetaka siku ile ile ya wiki kila mara, kuna anayelinganisha na ratiba ya mtu mwingine anayemsindikiza. Hao hukuwafikiria kabisa ulipokuwa unachora. Kwa hiyo orodha fupi inabaki mbele na kalenda inakaa nyuma yake kwa anayeihitaji. Kalenda peke yake isingekupa hiyo orodha ya mbele, na mchoro wako ungebaki hivyohivyo ungewasahau watu wa tarehe za mbali.

Hapo paterni inafanya kazi ya kuuliza maswali. Na hii iko karibu sana na walichofanya Beck na Cunningham mwaka 1987. Walikuwa na paterni tano tu, ndogo, za kupanga madirisha kwenye lugha ya programu ya Smalltalk, na waliwapa watu ambao ndo wangekuja kuitumia ile programu, wakawaacha wachore wenyewe. Paterni zilikuwa na mpangilio, nataja nne kati yake: kwanza amua madirisha kufuatana na kazi za mtu, kisha ndani ya kila dirisha weka vigawanyo vichache, kisha vifanye viwe vya aina iliyozoeleka, mwisho menyu ziwe fupi. Hakuna hata moja iliyosema dirisha lenyewe lifananeje. Zilisema anza kuamua nini kabla ya nini, na watu ambao sio madizaina wakatoa dizaini zinazoeleweka. Mi kwangu huu ndo ushahidi mzuri kwamba paterni na ubunifu hawana ugomvi wa asili.

Muda njia hii inakula, tusidanganyane. Unafanya kazi mara mbili, unachora halafu unalinganisha halafu unachora tena, na kama kuna meneja anasubiri kuona skrini, siku za mwanzo utaonekana huna kitu. Inahitaji pia nidhamu ya kutofungua mifano mapema, na hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika kwa sababu mifano iko kila unapogusa simu.

Kueleweka kunategemea unavyomaliza. Ukiishia kwenye michoro yako bila kurudi kwenye paterni unaweza ukatoa kitu kizuri ambacho mtumiaji hajui pa kubonyeza, ila ukirudi kwa uaminifu na kukubali kwamba kitu fulani cha kawaida ni bora kuliko chako, basi matokeo yanakuwa mapya pale panapohitaji upya tu. Kwa mwenzako kwenye timu nako kunahitaji maelezo zaidi, andika hata mistari mitatu ya kwa nini umeachana na kile kilichozoeleka.

Ukikosea hapa mara nyingi unakosea kwenye karatasi, na kosa la karatasi ndo rahisi kuliko yote. Hatari iliyopo ni kupenda mchoro wako mpaka ukasoma paterni kwa kutafuta ya kukuunga mkono. Dawa ni kumpa mtu mwingine asome zile nguvu na aangalie mchoro wako bila wewe kueleza chochote.

Inamfaa nani: mwenye tatizo ambalo halijakaa sawa kwenye mifano iliyopo, mbunifu mwenye uzoefu kidogo anayejikuta kila kazi yake inafanana na iliyopita, na timu ndogo yenye uhuru wa kutumia siku kadhaa kabla ya kuonesha kitu.

Njia ya tatu: paterni zinasubiri mwishoni

Unajenga kitu rahisi kabisa kinachofanya kazi, unakiacha kikue, halafu kikianza kukusumbua unaangalia: hapa pana paterni inayojitokeza? Ikiwepo, unapanga upya kodi au dizaini yako kuelekea huko. Joshua Kerievsky aliandika kitabu kizima kuhusu njia hii mwaka 2004, na sehemu nzuri ya mtazamo wake ni kwamba wakati mwingine unapanga upya kuitoka paterni, yaani ilishaingia na haikuhitajika.

Kwenye kodi njia hii ina mashiko sana. Mwaka 1996 Peter Norvig alionesha kwamba kati ya zile paterni 23, 16 zinakuwa rahisi zaidi au zinapotea kabisa ukitumia lugha za programu zenye unyumbufu kama Lisp na Dylan. Kinachohitaji klasi kadhaa kwenye lugha moja, kwenye nyingine ni fankisheni moja (kipande cha kodi kinachofanya kazi moja) unayoikabidhi sehemu nyingine kama unavyokabidhi namba au neno. Ukiwa umejenga kwanza, lugha yako itakuonesha yenyewe ni paterni gani inahitaji na ipi imeshamezwa.

Upana wa mawazo hapa ni mkubwa kuliko kote, na mara nyingine ndo paterni mpya zinapozaliwa. Lile tendo la kuvuta orodha chini ili ijisasishe lilitoka kwa Loren Brichter kwenye Tweetie, programu ya simu ya kusomea Twitter. Kitufe cha kusasisha kilikuwa kinajulikana, angeweza kukiweka akamaliza, lakini aliangalia kidole cha mtu kinafanya nini tayari kwenye orodha akajenga juu ya hapo. Leo lile tendo ni paterni na wengine wanaanza nalo bila kufikiria.

Kwa muda, mwanzo unaenda mbio, mwisho unalipa. Kueleweka kunapata shida kidogo, kwa sababu kwa kipindi kirefu kodi au dizaini yako haina majina ambayo mwenzako anayafahamu, akiingia kwenye mradi lazima akae na wewe.

Gharama ya kukosea inategemea unatengeneza nini, na hapa naomba uwe makini. Kodi yenye testi (kodi ndogo inayokagua kama ile kubwa bado inafanya kazi) unaweza kuipanga upya kila wiki. Skrini ambayo watu wameshaizoea ukiibadilisha unawasumbua, hata kama mpya ni bora. Ukuta wa nyumba ukishasimama, kwenda kutafuta mwanga wa upande wa pili ni kubomoa. Kadiri kitu kinavyokuwa kigumu kubadilika ndivyo kusubiri kunavyokuwa ghali, kwa hiyo programa anayemshauri msanifu majengo "acha tu dizaini ijitokeze" anamshauri vibaya.

Inamfaa nani: waandika kodi wanaotumia testi, wanaofanya majaribio ya kitu ambacho hata hakijulikani kama kina watumiaji, na wasanii wa gemu au maonyesho ambao mshangao ndo kazi yenyewe.

Kitu kimoja kinachozihusu zote tatu

Mwaka 1996 Alexander alialikwa kuzungumza kwenye mkutano wa watu wa programu. Angeweza kuwapongeza tu kwa kueneza wazo lake. Badala yake aliwaambia kwamba kwenye kazi yake paterni zilibeba jukumu la kimaadili, zilitakiwa zitoe mahali ambapo maisha ya watu yanakuwa bora, na akahoji kama paterni za kwenye programu zinafanya hivyo. Nalileta hapa kwa sababu ulinganisho wa muda na kasi unaweza kutusahaulisha. Njia yoyote utakayochagua, mwisho wake kuna mtu anayejaribu kuonana na daktari, kulipa, kukaa kwenye chumba. Paterni ambayo haimgusi huyo mtu haina kazi kwenye mradi wako, hata iwe na jina kubwa namna gani.

Kwa hali yako wewe

Una siku chache na kazi ni ya kawaida, fomu, orodha, akaunti: anza na paterni bila kusita, ila soma sehemu ya matokeo mabaya kabla hujaichukua, ni dakika tano.

Una kazi ambayo sehemu moja tu ndo inabeba wazo jipya: gawanya. Zilizobaki zote anza na paterni, hiyo moja ichore kwanza. Watu wengi wanaosoma hapa nadhani wapo kwenye kundi hili, na wanajichosha kwa kutaka njia moja kwa mradi mzima.

Unajifunza: fanya njia ya kwanza mpaka paterni ziwe zimekuingia, kisha jilazimishe ya pili kwenye mazoezi yako binafsi, ambako hakuna mteja anayesubiri. Kuanza na ya tatu ukiwa mgeni kabisa ni ngumu, maana huwezi kutambua paterni inajitokeza kama hujawahi kuiona.

Uko kwenye timu kubwa yenye mfumo wake wa dizaini: huna uhuru mwingi wa kuchagua mwanzo, lakini unaweza kufanya ya pili kwa siri ya daftari lako, na ukikuta mfumo unakosa jibu la watumiaji fulani, peleka zile nguvu zilizoandikwa, usipeleke mchoro peke yake. Hoja ya "mtu huyu anahitaji hiki na paterni yetu haimwoni" inasikilizwa kuliko "mi nimeona hii inapendeza".

Unaandika kodi peke yako kwa wazo ambalo bado unalipima: ya tatu, na testi zako ziwe tayari. Ukifika mahali unanakili mistari ileile kwa mara ya tatu, hapo ndo ufungue orodha ya paterni.

Na kama unajenga kitu kisichobadilika kirahisi, jengo, kifaa cha mkononi, kitu kinachochapwa nakala nyingi, basi muda wote ulio nao uweke kwenye njia ya pili, kabla chochote hakijatoka kwenye karatasi.